Hospitali ya wazazi ilishabomolewa, historia yake unaipataje? Mwongozo kamili hatua kwa hatua

Karibu kila anayenitafuta kuhusu hili jambo amekwama palepale. Ameenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, katoa jina la hospitali aliyozaliwa, kaambiwa hakuna faili la jina hilo, karudi home anasema historia imepotea. Haijapotea. Alianzia mwisho, tena akiwa na jina moja tu mkononi, na hilo jina lenyewe mara nyingi ni la mtaani, halijawahi kuandikwa popote.

Shika kitu kimoja kabla hatujaenda mbali: karatasi hazifuati jengo, zinamfuata mlipaji. Jengo likibomolewa faili linabaki, ila limekaa chini ya jina la yule aliyekuwa analipa mishahara ya manesi na kodi ya kiwanja. Anaweza kuwa halmashauri, misheni, jumuiya ya Wahindi, shamba la mkonge, reli, au daktari mmoja tu na mkewe. Kazi yako kubwa ni kujua nani alikuwa analipa, na mwaka gani.

Mfano nitakaoutumia ni wa kwetu, kliniki ya wazazi walikozaliwa kaka zangu wawili wakubwa, sasa hivi pale ni yadi ya magari. Jina la kliniki na mji nayaacha, familia ya mwenye nayo bado ipo. Mwongozo ni wa Tanzania bara zaidi, ila watu wa Kenya na Zanzibar nimewawekea vyao pale njia zinapoachana.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Kaunta buku moja kubwa. Sio karatasi za kuokoteza, utazipoteza.
- Penseli mbili tatu. Kwenye vyumba vya kusomea nyaraka kalamu ya wino kwa kawaida hairuhusiwi, na utaaibika ukiazima kila siku.
- Simu yenye kamera nzuri na nafasi ya kutosha, na pawabenki.
- Kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho. Ya serikali ya mtaa inasaidia mtaani, ya chuo au mwajiri inasaidia zaidi kwenye ofisi kubwa.
- Vyeti vya kuzaliwa vya ukoo, kadi za kliniki, matangazo ya kizazi (ile karatasi mama anayopewa hospitali akishajifungua), na picha zozote za zamani, hata kama hospitali inaonekana kwa nyuma kidogo tu.
- Hela ya nauli, fotokopi na ada za ofisi. Pigia simu uulize ada kwanza, zinabadilika.
- Muda. Mimi ilinila miezi saba, na mingi ilikuwa ya kusubiri kuitwa.

Hatua ya 1: Kusanya majina yote, sio moja

Hospitali zetu zimebatizwa na kubatizwa tena. Muhimbili wazee waliijua kama Princess Margaret, ilifunguliwa 1956, na kabla yake Waafrika na Wahindi wa Dar walikuwa wanatibiwa hospitali ya Sewa Haji, yule tajiri wa Bagamoyo aliyefariki 1897. Hospitali yake haipo tena ila jina limehamia Muhimbili, kuna jengo la wodi linaitwa Sewahaji na watu wanapita hapo kila siku hawajui ni jina la mtu. Pumwani ya Nairobi ilianza 1926 ikiwa na jina la Lady Grigg, mke wa gavana. Kenyatta iliitwa King George VI. Mnazi Mmoja ya Unguja iliwahi kuitwa V. I. Lenin. Sasa kama hizi kubwa zimebadilika hivyo, ya mtaani kwenu ndio usiseme.

Chora jedwali la safu nne kwenye kaunta buku: jina la mtaani, jina la kwenye cheti, jina la mwenye nayo, jina la kiserikali. Sisi nyumbani tulikuwa tunasema "kwa Mama Daktari". Cheti cha kaka kimeandika jina la mtaa tu na neno kliniki. Jina lenyewe rasmi nilikuja kuliona mwezi wa nne, na lilikuwa jina la ukoo la daktari ambalo hakuna mtu hata mmoja mtaani aliyewahi kunitajia.

Angalizo: usisahihishe jina mtu anapolitamka. Liandike alivyolisema, hata likiwa la ajabu. "Kwa Mama Daktari" ndiyo iliyonionyesha kwamba mke wa daktari ndiye aliyekuwa mkunga.

Umefanikiwa ukiwa na majina matatu au zaidi, kila moja likiwa na mtu aliyekwambia na miaka aliyolitumia.

Hatua ya 2: Pata miaka kwa kutumia watoto

Hapa ndio wengi wanapotea kwa sababu wanauliza swali baya. Ukimuuliza mama wa miaka 80 "hospitali ilijengwa lini" atakwambia zamani, enzi za Mwingereza, basi. Muulize "ulijifungua nani pale?" Atakutajia mtoto, na mtoto ana mwaka. Halafu uliza "na mdogo wake je?" Akikwambia huyo alizaliwa hospitali ya mkoa, muulize kwa nini. Jibu la hapo ndio lina utamu wote.

Pita nyumba kumi na tano au ishirini zilizokaa mtaani muda mrefu. Andika mwaka wa kuzaliwa na mahali tu. Mimi nilipata wa kwanza 1962 na wa mwisho Oktoba 1977, baada ya hapo hakuna, wote wanakwenda kwingine, mimi mwenyewe nikiwemo. Mstari uliokatika ghafla namna ile lazima kuna kilichoukata, na nitakirudia kwenye hatua ya 4.

Kadi ya kliniki ya zamani ina nguvu kuliko cheti kwa sababu ya mhuri. Mhuri unataja mwenye kituo, na ndio mlipaji tunayemtafuta. Ipige picha mbele na nyuma.

Angalizo: cheti cha kuzaliwa angalia tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kuandikishwa. Kama mtu kazaliwa 1966 kaandikishwa 1989 ili aende jeshini au apate pasi, mahali pa kuzaliwa pameandikwa kwa kukumbuka, sio kwa karatasi ya hospitali. Usikitupe, ila usikiamini peke yake. Cheti cha ubatizo kinasaidia tarehe, hospitali mara nyingi hakitaji.

Angalizo lingine, hili zito. Majina ya akina mama hayatoki kwenye daftari lako kwenda popote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, lakini hata bila sheria, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa 1969 leo ni babu wa watu.

Umefanikiwa ukiwa na mwaka wa mapema kabisa na wa mwisho kabisa, na watu wasiopungua watano katikati.

Hatua ya 3: Kamata kiwanja

Jina linabadilika kila utawala ukibadilika lakini kiwanja kinakaa palepale. Nenda pale hospitali ilipokuwa, asubuhi, upige picha kutoka pembe nne na uhifadhi alama ya mahali kwenye ramani ya simu. Kisha tafuta mabaki. Wabomoaji huwa wanasahau vitu vya chini: chemba za maji taka, ngazi za saruji zinazoelekea hewani, sakafu nyekundu iliyochomoza kwenye majani, mstari wa msingi. Na miti. Mwembe wa hospitali mara nyingi bado upo maana kivuli chake kila mwenye kiwanja anakitaka.

USIENDE PEKE YAKO. Mi nilienda peke yangu siku ya kwanza, natembea nahesabu hatua naandika, mlinzi wa yadi akanitoa mbio. Kwake yeye mtu anayepima kiwanja cha watu na daftari mkononi ni mmoja tu, anataka kudai ardhi. Siku ya pili nilienda na mwenyekiti wa mtaa, nikaamkia vizuri, nikaonyesha picha ya kaka akiwa mchanga mlangoni pa kliniki, na yuleyule mlinzi akanipeleka mwenyewe nyuma ya kontena kunionyesha mfuniko wa chemba.

Sasa tafuta namba ya kiwanja na kitalu. Jirani mwenye hati anaweza kukuonyesha yake, ukijua namba yake ya kwako ni inayofuata au iliyotangulia. Ukishaipata nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi wa hati, ile wanayoita kufanya sechi. Unaandika ombi, unalipia, unapewa jina la mmiliki na miamala iliyosajiliwa. Kama eneo halijapimwa, nenda idara ya mipango miji ya halmashauri uulizie michoro ya zamani ya eneo, viwanja vya huduma kama shule na zahanati huwa vinaonyeshwa. Kenya sechi ya Nairobi siku hizi inafanyika kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, ulizinduliwa 2021.

Halafu picha za juu. Google Earth kwenye kompyuta ina kitufe cha kurudisha miaka nyuma, na miji mingi ya kwetu inaanza kuonekana vizuri miaka ya 2000. Ya nyuma zaidi ulizia picha za ndege kwenye idara ya upimaji na ramani. Zile ramani za 1:50,000, mfululizo wa Y742 kwa Tanzania na Y731 kwa Kenya, ni nzuri kwa hospitali ya misheni kijijini, ila kwa kliniki ya mjini hazikusaidii, mji mzima unakuwa doa.

Umefanikiwa ukiwa na namba ya kiwanja, na picha ya juu ambayo paa lipo na nyingine ambayo paa halipo.

Hatua ya 4: Mlipaji ni nani?

Hii ndio hatua yenyewe, msiikimbie. Weka miaka ya hatua ya 2 pembeni ya mmiliki wa hatua ya 3, halafu jiulize ni aina gani ya mlipaji.

*Halmashauri.* Kama ilikuwa ya manispaa au ya mji, kumbuka serikali za mitaa zilifutwa 1972. Za mijini zilirudi 1978, na nyingine 1984 baada ya sheria za 1982. Kwa hiyo faili la zahanati ya manispaa la 1975 usilitafute manispaa, haikuwepo! Litafute kwenye karatasi za mkoa na wilaya, chini ya Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa. Nimeona watu wanaambiwa halmashauri "hatuna" na ni kweli hawana.

*Misheni.* Anza dayosisi au jimbo hapahapa, kuna stoo na kuna mzee anayezijua. Za nje ndio hivi: Waanglikana wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) karatasi zao ziko maktaba ya Bodleian, Oxford, za Waanglikana wenzao wa CMS (Church Missionary Society) ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, kila kituo kilikuwa kinaandika shajara ya siku kwa siku na zinatunzwa Roma. Walutheri wa Leipzig waliokuwa Kilimanjaro picha zao nyingi zipo mtandaoni kwenye mkusanyo wa picha za misheni wa Chuo Kikuu cha Southern California, unatafuta bure.

*Jumuiya za Wahindi.* Waismaili, Ithnaasheri, Mabohora, Wahindu. Hawa walikuwa wanatoa vijitabu vya kuadhimisha miaka kadhaa, vina picha na majina ya wafadhili. Na walikuwa wanaweka vibao vya marumaru. Jengo likibomolewa kibao mara nyingi kinahamishiwa ukumbini au msikitini, ulizia. Kikiwa kwa Kigujarati kipige picha tu, msomaji utampata.

*Shamba au kampuni.* Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Kabla ya hapo tafuta jina la kampuni, baada ya hapo jina la shirika la umma.

*Wajerumani.* Kama wazee wanataja enzi za Mjerumani, mafaili yenye herufi G yako Nyaraka za Taifa Dar, na ya wizara yao ya makoloni yako Berlin kwenye fungu R 1001, mengi yameshaskaniwa. Tatizo ni mwandiko. Kijerumani cha mkono cha miaka ile hata Wajerumani wenyewe wengi hawakisomi.

*Daktari binafsi.* Ndio ilikuwa kesi yangu, na tarehe mbili zinafungua kila kitu. 1971 ilitungwa sheria ya kutwaa majumba, nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikaenda kwa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali. Halafu 1977 ikaja sheria ya hospitali binafsi iliyopiga marufuku tiba ya biashara, ikalegezwa 1991. Rudi sasa uangalie mstari wangu wa watoto: wa mwisho Oktoba 1977. Nilikaa nikaangalia ile daftari kama dakika tano hivi sisemi kitu. Miezi yote nilikuwa nadhani daktari aliugua au alihama kwa hiari yake.

Na lile jengo? Daktari alikuwa mpangaji, mwenye nyumba alikuwa mtu mwingine, nyumba ikachukuliwa 1971, kwa hiyo miaka sita ya mwisho kliniki ilikuwa inalipa kodi kwa Msajili. Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa 1990. Faili la jengo likawa na safari yake tofauti kabisa na faili la kliniki. Mngetafuta "hospitali" mngekesha.

Kwa Zanzibar mstari wenu unakatikia 1964, mlipaji wa kabla na baada ya Mapinduzi ni tofauti, na Nyaraka zenu ziko Kilimani.

Umefanikiwa ukiweza kusema sentensi moja hivi: kuanzia mwaka fulani mpaka fulani alilipa fulani, baadaye fulani.

Hatua ya 5: Magazeti na ripoti kabla ya mafaili

Faili unaletewa ukilitaja, gazeti unalifungua mwenyewe. Kwa hiyo gazeti linakupa tarehe ya kwenda nayo kwenye faili.

Usisome miaka kumi na tano, utapofuka. Chagua madirisha matatu: mwaka wa kufunguliwa, mwaka mlipaji alipobadilika, mwaka wa kufungwa. Kila dirisha miezi sita kabla na sita baada.

Tanganyika Standard inaanzia 1930, Mambo Leo 1923, baadaye kuna Ngurumo na Uhuru. Anza Maktaba Kuu ya Dar, au kitengo cha East Africana pale maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani. Nairobi nenda maktaba ya McMillan. Gazeti la Serikali usilidharau, ndiko kunakotangazwa leseni, kutwaliwa kwa ardhi na majina ya madaktari walioandikishwa. Kenya mna bahati, lenu linaanzia 1899 na unaweza kulitafuta kwa neno mtandaoni ukiwa umelala.

Soma na matangazo madogo. Habari ya kufunguliwa kliniki sikuipata kabisa, nilichopata ni tangazo la ukubwa wa kiberiti: daktari anawajulisha wateja wake kwamba kliniki imehamia jengo jipya, vitanda 8, mkunga yupo usiku na mchana. Na namba ya simu ya tarakimu tatu. Vitanda 8, kumbukeni hiyo namba.

Angalizo: piga picha kichwa cha gazeti na tarehe KWANZA, halafu habari. Nina picha kumi na moja nzuri sana ambazo mpaka leo sijui ni za gazeti la siku gani. Na zima flashi.

Hatua ya 6: Sasa nenda Nyaraka

Sasa hivi una majina, miaka, kiwanja na mlipaji, ukiongea na mhudumu wa pale anakusikiliza tofauti. Usimwambie natafuta hospitali fulani. Mwambie natafuta karatasi za mganga mkuu wa mkoa fulani miaka hii, zinazohusu leseni za kliniki binafsi.

Mafaili ya zamani ni ya Kiingereza cha kizamani, kwa hiyo tafuta kwa maneno yao: maternity, child welfare, infant welfare, midwife, dispensary, native hospital. Omba na ripoti za mwaka za idara ya tiba, na vile vitabu vya wilaya ambavyo ma-DC, yaani wakuu wa wilaya, wa Kiingereza walikuwa wanajaza kila kitu, kuanzia ukoo wa chifu mpaka bei ya mawe. Kenya, Nyaraka za Taifa zao pale Moi Avenue, Nairobi, ulizia ripoti za mwaka za wilaya na ripoti za makabidhiano, DC anapoondoka anamwandikia mwenzake matatizo yote, na hospitali huwa haikosi.

Tanzania, kwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002, kumbukumbu za serikali kwa ujumla zinafunguliwa baada ya miaka 30. Kama hospitali ilifungwa 2005 usitegemee Nyaraka, tegemea ofisi yenyewe na magazeti.

Kama unaweza kulipia au una ndugu London, ulizia Kew, ziliko Nyaraka za Taifa za Uingereza. Orodha ya mafaili ni bure mtandaoni: CO 691 Tanganyika, CO 533 Kenya, CO 618 Zanzibar. Fungu la CO 1069 ni picha, na nyingi za Afrika wameziweka mtandaoni.

Kila picha unayopiga iwe na kikaratasi chenye namba ya faili na ukurasa pembeni. Bila namba hiyo kesho huwezi kumwonyesha mtu ulikotoa.

Angalizo: ukikosa siku ya kwanza usiondoke na hasira. Kuna ofisi moja, siitaji, niliambiwa mafaili yaliungua. Nilirudi wiki mbili baadaye nikamkuta mtu mwingine zamu, nikasalimia, nikaeleza upya, nikaletewa boksi lenye vumbi la miaka kumi. Halikuwa limeungua hata pembe.

Umefanikiwa ukipata hata karatasi moja yenye tarehe, sahihi na jina rasmi. Moja inatosha, zitakazofuata zinatajwa ndani yake.

Hatua ya 7: Mkunga mstaafu

Mtafute tangu hatua ya kwanza, mtembelee mara mojamoja, wazee hawatusubiri. Ila mazungumzo marefu yaweke hapa, ukiwa na picha na tarehe za kumkumbushia.

Shikamoo, kaa chini, ongeeni afya na wajukuu, usitoe simu mezani dakika ya kwanza. Omba ruhusa ya kurekodi na akikataa andika. Usimuulize historia, muulize kazi: zamu iliingia saa ngapi, maji yalitoka wapi, taa ikizimika mlifanyaje, mama akija usiku aligonga mlango upi, nani alipika uji.

Bibi niliyempata mimi alikuwa pale miaka kumi na moja. Nilimpa kaunta buku achore, akasema macho hayaoni, akachukua fimbo yake akachora kwenye mchanga wa uani. Hapa mapokezi. Hapa leba, dirisha linatazama mwembe. Hapa wodi. Hapa stoo ya chemli. Na huku nyuma kabisa, akaichomeka fimbo, shimo la kondo, na mlango wake tulikuwa tunaufunga kwa kufuli kwa sababu ya mbwa na kwa sababu ya binadamu. Nilitoa picha zangu za chemba, nikazilinganisha na ule mchoro, vikakaa sawasawa kasoro hatua mbili tatu. Nilipiga picha ule mchanga kabla kuku hawajapita.

Angalizo: walikufa watoto pale, na walikufa akina mama, kama kila hospitali. Akinyamaza na wewe nyamaza. Akikwambia jambo akasema "hili usiandike", usiandike.

Hatua ya 8: Linganisha, halafu uandike

Safu tatu: tukio, ushahidi, uhakika. Kila tukio litafutie ushahidi wa aina mbili tofauti, mdomo na karatasi, au karatasi na picha. Watu watatu wa familia moja ni ushahidi mmoja, wamehadithiana.

Vikigongana usichague unachokipenda. Mtaani kwetu kila mtu anaapa jengo lilibomolewa mwaka wa El Niño, 1997 kuingia 1998. Picha ya satelaiti ya 2003 inaonyesha paa lipo. Nilidhani nimewashika kwa uongo. Kumbe mvua ile iliangusha ukuta wa nyuma na chumba cha leba, watu wakahama, na kwa mtaa ile ndio ilikuwa kubomoka. Tingatinga lilikuja miaka kadhaa baadaye kumalizia tu. Wote walikuwa sahihi. Andika vyote viwili.

Ukiandika anza na kiwanja, kisha mlipaji kwa mpangilio wa miaka, kisha maisha ya ndani. Kurasa kumi zinatosha sana. Ambacho kina ushahidi mmoja kiandike "kwa maelezo ya mkazi", bila jina.

Hatua ya 9: Gawa kopi

Printi angalau nne: serikali ya mtaa, maktaba ya mkoa, aliyekusaidia zaidi, na ya kwako. Simu zinaibiwa na fleshi zinakufa.

Ya bibi nilimpelekea mwenyewe, nikamsomea. Alisikiliza vizuri mpaka pale kwenye lile tangazo la gazeti, akanikatisha. Vitanda 8 vya wapi? Vilikuwa sita, viwili walikuwa wanalalia wageni wa daktari kutoka Mombasa. Akaomba penseli. Kwa hiyo kopi iliyopo ofisi ya mtaa leo ina 8 ya printa, na pembeni yake 6 ya mkono wake, imekoza kidogo kwa sababu aliipitia mara mbili.